Anwani ya bure imeanza kunigharimu

Kaka, salaam.

Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Morogoro. Tulianzia barazani kwangu na cherehani mbili za kukanyaga. Leo tuna mafundi tisa, mashine ya kudarizi nembo, na shule tunazoshonea ziko mpaka Kilosa na Dodoma. Miaka yote hiyo natumia anwani moja ya Yahoo niliyofunguliwa na kijana wa intaneti kafe mwaka 2010. Ina jina langu, jina la mwanangu wa kwanza, na mwaka aliozaliwa. Sijawahi kuilipia hata shilingi na sikuwahi kuiona ni tatizo. Humo ndimo zilimo oda, vipimo vya watoto darasa kwa darasa, mikataba, barua za TRA, na hata neno la siri la mfumo wa zabuni wa NeST nikilisahau linarudi kupitia humo.

Msimu huu wa kufungua shule kuna mtu alifungua anwani kama yangu, kaongeza herufi moja tu. Akamwandikia mhasibu wa shule tunayoshonea siku nyingi kwamba benki yetu imebadilika, akaambatanisha ankara yenye nembo yetu kabisa. Shule ikalipa malipo ya awali ya vitambaa. Mimi huku nangoja fedha, wao kule wanangoja sare. Tulipogundua, mhasibu akaniambia, "Mama, hizi anwani zenu za bure nani atajua ipi ya kweli?" Mkuu wa shule naye kasema oda ijayo anataka barua pepe ya kampuni, yenye jina la kampuni.

Mtoto wa shemeji yangu amesomea kompyuta. Anasema atanunua domeni, yaani lile jina la kampuni linalokaa baada ya @, kwa kadi yake, ataiweka kwenye akaunti yake anakoweka za wateja wake wengine, ataiunganisha na tovuti anayonitengenezea, na masanduku ya barua ni bure humo humo. Ni kijana mzuri, sina shaka naye. Mume wangu anasema tusichanganye ndugu na mali ya biashara, mimi naona aibu kumkatalia mtoto aliyekuja kunisaidia.

Nisaidie pia na haya. Nichukue .co.tz au .com? Barua zangu za tangu 2010 zitapotea? Siku nikichelewa kulipa nini kitatokea? Binti wa mahesabu na msimamizi wa karakana wote wanaingia kwa neno langu la siri, je, tutaendelea hivyo? Na vitabu vya ankara nilivyochapisha vyenye anwani ya zamani, bado maboksi mawili, nitupe?

Mama Doreen, Morogoro

*

Mama Doreen, pole sana kwa mkasa huo. Kabla ya habari za domeni, kuna jambo la leo leo: ile barua ya tapeli isifutwe. Mwombe mhasibu aiache kwenye sanduku lake kama ilivyofika. Picha ya skrini peke yake haitoshi, kwa sababu barua yenyewe inabeba kichwani maelezo ya njia iliyopitia, na hayo ndiyo polisi watayahitaji. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kesi ya namna hii inaanzia kituoni kwa kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Shule ndiyo iliyotuma fedha, kwa hiyo ndiyo iende kulalamika kwenye benki yake, wewe uende kama shahidi. Na wafanye haraka, maana fedha za utapeli hazikai kwenye akaunti.

Tukija kwenye maswali yako, nitaanza na la mtoto wa shemeji kwa sababu ndilo zito. Mengine ni ufundi, na ufundi unalipiwa.

Bila shaka unakumbuka enzi ambazo mtu asiye na sanduku lake la posta alitumia S.L.P. ya parokia, ya shule au ya mwajiri. Barua zilifika vizuri tu miaka nenda rudi, mpaka siku ameacha kazi au paroko kahamishwa. Hapo ndipo anaanza kumbembeleza karani wa masijala amwekee bahasha zake. Anwani ya bure ni S.L.P. ya mwajiri. Domeni iliyosajiliwa kwenye akaunti ya kijana wako nayo ni S.L.P. ya mwajiri, ila umebadilisha mwajiri. Utakuwa umelipia jina la kampuni yako na bado unakaa kwa mtu.

Mume wako yuko sahihi, lakini sababu si undugu, na wala haihusu uaminifu. Mwenye akaunti kwa msajili, yaani kampuni inayouza domeni, ndiye mwenye domeni. Ndani ya dakika chache anaweza kubadilisha barua zote ziende sanduku lingine, na anayepokea barua zako anaweza kubonyeza "nimesahau neno la siri" kwenye kila mfumo uliojisajili kwa anwani hiyo. Kijana hahitaji kuwa mwizi ili upate hasara. Apate kazi Doha, aibiwe simu, akaunti yake idukuliwe, au kadi yake ya benki iishe muda siku ambayo domeni inatakiwa kujilipia. Taarifa za kukumbusha zitamfikia yeye, kati ya taarifa za wateja wake wote, na wewe utajua siku shule zinapoanza kupiga simu kwamba barua zinarudi.

Kwa hiyo mwambie hivi, kwa upole na mapema, kabla hajanunua chochote: "Mwanangu, jina nitalisajili mwenyewe kwa jina la biashara. Wewe nitakulipa kwa kuliunganisha." Na kweli umlipe. Kazi ya ndugu isiyolipwa huisha ndugu anapopata kazi inayolipwa. Siku ya kazi mkae meza moja, wewe uandike neno la siri, yeye akuongoze pa kubonyeza. Wasajili wengine wanaruhusu mtu wa pili kuingia kwa jina lake na kugusa mipangilio ya kiufundi tu, bila uwezo wa kuhamisha domeni. Ukipata wa namna hiyo, mpe kijana nafasi hiyo. Sijaona kijana anayejua kazi yake akikasirika kwa hili, kwa sababu anayejua kazi anajua pia kwamba hataki kubebeshwa mali ya shangazi.

Usajili wenyewe si mgumu. Domeni za .tz ziko chini ya TCRA, lakini wewe unanunua kwa msajili aliyeidhinishwa. Wasajili wa hapa nchini wengi wanapokea malipo kwa simu, kwa hiyo hoja ya "huna kadi, nitumie ya kwangu" imekufa. Sehemu ya mmiliki andika jina la biashara kama lilivyo BRELA, herufi kwa herufi, maana siku ya ubishi hati hizo mbili zinawekwa pamoja. Sehemu ya namba ya simu weka ya kwako, siyo ya fundi.

Kisha kuna sehemu moja ndogo inayowaponza watu: anwani ya barua pepe ya mwenye akaunti. Usiweke anwani iliyo ndani ya domeni hiyo hiyo. Ukifanya hivyo, siku domeni imezimika, barua ya "bonyeza hapa ulipe" itatumwa kwenye sanduku ambalo nalo limezimika, na utabaki nje ya mlango wa nyumba yako ukiwa umeufungia ufunguo ndani. Hapo tumia ile ile Yahoo ya zamani, ukishaiwekea neno jipya la siri na uthibitisho wa hatua mbili. Ukimaliza, tafuta domeni yako kwenye huduma ya whois uone nani ameandikwa. Maelezo mengine siku hizi hufichwa kwa faragha, lakini angalau utaona msajili ni nani na tarehe ya mwisho ni lini. Tarehe hiyo iandike kwenye kalenda ya ukutani karakanani, si kwenye simu tu.

Hilo linajibu nusu ya swali lako la kuchelewa kulipa. Nusu nyingine ni kwamba domeni hainunuliwi ikawa yako milele, inalipiwa kwa mwaka, na nyingi unaweza kulipia miaka kadhaa kwa mkupuo; .com inaruhusu mpaka miaka 10. Ningekuwa wewe ningelipa miaka mitatu au minne mara moja mwezi wa pili, fedha za sare zikishaingia, na kusahau habari hizo. Kwa .com, tarehe ikipita msajili kwa kawaida anakuachia siku kadhaa ulipe bei ile ile. Baada ya hapo inaingia kipindi cha siku 30 cha kuikomboa, na ada ya kukomboa ni kubwa kuliko bei ya kawaida. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Halafu iko sokoni, na atakayeichukua atapokea barua zote ambazo shule zako bado zinatuma. Za nchi kama .co.tz zina taratibu zake, soma za msajili wako. Usijione mzembe ukisahau, hata wakubwa wamesahau. Krismasi ya mwaka 1999 watu wengi walishindwa kufungua Hotmail kwa sababu Microsoft ilikuwa haijalipia domeni ya passport.com iliyokuwa ikitumika kuingilia. Aliyelipa zile dola 35 alikuwa programa mmoja wa Marekani aliyechoshwa na kutoingia kwenye barua zake.

.co.tz au .com? Wateja wako ni shule za Tanzania, wahasibu wao wameshazoea kuona .co.tz kwenye ankara, kwa hiyo hiyo iwe ndiyo anwani ya kazi. Bei ya .com ni ndogo vya kutosha kwamba ningeichukua pia na kuiacha imekaa tu, ili asije mwingine akaichukua na kukuandikia ankara. Usidanganyike na domeni za bure. Zile za .tk na .ml zilizotapakaa miaka ya nyuma zilikuwa kimbilio la matapeli, na kampuni iliyokuwa ikizigawa iliacha kusajili mpya mwaka 2023. Matapeli wameshakuumiza mara moja, usihamie mtaa wao.

Jina lenyewe lipime kwa simu. Mpigie dada yako kijijini, mtajie mara moja, mwambie aandike. Akiuliza "ni k au c?" au "kuna kistari?", tafuta jingine. Herufi moja inatosha kupeleka barua kwa mgeni: mwaka 2023 iliripotiwa kwamba kwa miaka mingi barua za jeshi la Marekani, linalotumia .mil, zilikuwa zikienda .ml, yaani Mali, kwa watu kuruka herufi i. Kama jina la karakana yako ni refu, kata. Jina la kwenye leseni litabaki kwenye leseni.

Sasa yale masanduku ya bure ndani ya huduma ya tovuti. Hapa mimi na kijana wako hatukubaliani. Domeni na sanduku la barua ni vitu viwili, na uzuri wa kuwa na domeni yako ni kwamba sanduku unaweza kulihamisha kwa mtoa huduma mwingine bila mteja hata mmoja kujua. Anwani inabaki ile ile. Kwa hiyo usijifunge kwa sababu ya neno bure. Kwenye zile huduma za bei nafuu, seva moja, yaani kompyuta moja ya mtoa huduma, inabeba tovuti na barua za wateja wengi. Mmoja akidukuliwa na kuanza kumwaga barua taka, anwani ya seva nzima inaingia kwenye orodha nyeusi kama ya Spamhaus, na ankara zako ambazo hazina kosa lolote zinaanza kuangukia kwenye taka za mhasibu. Tena nafasi ya diski ni moja: picha za tovuti zikijaa, barua nazo zinagoma kuingia.

Tovuti iache kwake, barua peleka kwa wanaofanya kazi ya barua. Google Workspace na Microsoft 365 kwenye mipango yao ya chini ni kama dola sita mpaka nane kwa mtu kwa mwezi. Zoho Mail wana mpango wa dola moja kwa mtu kwa mwezi ukilipa kwa mwaka, na kwa karakana ya sare unatosha kabisa. Unalipia watu, hulipii anwani. Ninyi ni watu watatu mnaosoma barua: wewe, binti wa mahesabu, msimamizi. Nunua masanduku matatu. Zile anwani za oda@ na ankara@ zinafunguliwa bure kama majina ya ziada yanayodondokea kwenye sanduku la mtu, na siku binti akiolewa na kuhamia Mbeya unaielekeza ankara@ kwa atakayekuja. Swali lako la neno moja la siri limejibika hapo. Hapana, msiendelee hivyo. Kila mtu sanduku lake na neno lake, na la kwako wewe la usimamizi lisijulikane na mwingine zaidi ya mume wako au mtu mmoja mnayemwamini, limeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha pamoja na hati za biashara.

Kuunganisha ni kazi ya kijana, lakini uijue ili usiuziwe nusu kazi. Kuna rekodi nne zinaandikwa kwenye domeni. MX inasema barua ziletwe kwa nani. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM inaweka sahihi ya kidijitali kwenye kila barua inayotoka. DMARC inamwambia anayepokea afanye nini na barua inayodai imetoka kwako ilhali haijapita mitihani hiyo. Mafundi wengi wanaweka MX, barua zikianza kuingia wanasema kazi imekwisha. Haijaisha. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanataka kila anayewatumia barua awe na SPF au DKIM, na wanaotuma nyingi, barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail, wawe navyo vyote pamoja na DMARC. Wewe hutumi 5,000, lakini weka zote, maana domeni changa isiyo na vitambulisho hutazamwa kwa jicho baya.

Kukagua ni rahisi, na kufanye wewe kabla ya kumlipa kijana. Kutoka anwani mpya tuma barua kwenye akaunti yoyote ya Gmail, hata ya mwanao. Ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vile vitone vitatu vya pembeni, chagua kuona barua ya asili. Juu kabisa utaona jedwali dogo: SPF, DKIM, DMARC, na mbele ya kila moja neno PASS. Zikiwa tatu zote PASS, toa fedha. Ikikosekana moja, rudisheni viti mezani. Kosa ninalokutana nalo sana ni SPF mbili: fundi wa tovuti kaweka ya kwake, fundi wa barua kaongeza nyingine. Domeni inatakiwa kuwa na mstari mmoja tu unaoanza na v=spf1. Ikiwa miwili, wapokeaji wanahesabu kwamba mtihani umeharibika. DMARC ianze na p=none, ambayo inaangalia tu na kukuletea ripoti. Mkiona kwa wiki kadhaa kwamba barua zenu zote halali zinapita, ipandisheni iwe quarantine (za uongo ziende kwenye taka), kisha reject (zikataliwe kabisa).

Tena una bahati ambayo huenda huioni. Wanaohamisha domeni iliyokuwa ikitumika hupata usiku wa kukesha, barua nyingine zikiingia kwa seva ya zamani na nyingine kwa mpya. Domeni yako ni mpya, hakuna anayeiandikia bado. Utaijaribu mwezi mzima huku Yahoo ikiendelea kama kawaida, na hakuna oda itakayopotea njiani.

Barua za zamani hazitapotea, ila hazitahama zenyewe. Njia ninayoipenda kwa biashara ndogo ni programu ya bure ya Thunderbird kwenye laptopu: unaingiza akaunti mbili, ya Yahoo na mpya, zote kwa IMAP (njia inayoonyesha folda zilizoko kwenye seva yenyewe), kisha unaburuta barua kutoka folda ya huku kwenda folda ya kule. Yahoo wanaweza kutaka neno maalumu la siri la programu, linatengenezwa kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti. Msiburute zote kwa mpigo, itakwama. Chukueni mwaka kwa mwaka, usiku ambao bando ni nafuu. Na msisahau folda ya zilizotumwa. Watu wanahamisha zilizoingia, halafu mteja akibisha bei ya mwaka juzi wanakuta ofa yao wenyewe haipo. Hesabuni pia nafasi: huo mpango wa dola moja una GB 5 kwa sanduku, na vipimo vyenye picha za nembo vinakula. Za kabla ya miaka kumi zinaweza kukaa kwenye diski ya nje tu.

Na akaunti ya Yahoo usiifunge. Nasema hata baada ya miaka. Mwaka 2013 Yahoo walitangaza kwamba majina yaliyokaa mwaka mzima bila kutumika yatagawiwa watu wengine, na waliopewa wakaanza kupokea barua za wenyewe wa zamani, nyingine za siri. Sheria ya kuzima akaunti iliyokaa miezi 12 bila kuingiwa bado ipo, kwa hiyo iache kwenye simu yako pembeni ya mpya. Kuelekeza barua moja kwa moja kwenda anwani nyingine kuliondolewa kwa watumiaji wa bure tangu Januari 2021, kwa hiyo utazisoma pale pale. Weka jibu la kujituma linalosema anwani mpya ni ipi, na kila ukijibu mtu, jibu kutoka mpya. Wahasibu wanabonyeza "jibu" kwenye barua ya mwisho. Ndani ya muhula mmoja wengi watakuwa wamehama bila kujua.

Mifumo iliyofungwa kwa anwani ya zamani ndiyo kazi ya kuchosha. Ndani ya Yahoo tafuta maneno "password", "verify", "neno la siri", "thibitisha", utaona orodha ya wote waliowahi kukutambua kwa anwani hiyo, na wengine umewasahau kabisa. Anza na vitu vyepesi, ukurasa wa Facebook, wauza vitambaa. NeST na TRA vifuate anwani mpya ikishatulia, na usivibadilishe katikati ya zabuni iliyo wazi. Benki iwe ya mwisho, na uende tawini mwenyewe na kitambulisho.

Nisikufiche jambo moja. Haya yote hayamzuii tapeli kusajili jina linalofanana na lako na kuongeza herufi, kama alivyofanya. DMARC inazuia mtu kujifanya domeni yako hasa. Jirani wa jina inamwacha. Faida utakayopata ni kwamba mhasibu sasa ana kitu kimoja cha kukagua, kile kilicho baada ya @, badala ya kukumbuka jina la Doreen na mwaka aliozaliwa. Kinachobaki ni karatasi. Iandikie kila shule barua ya mkono, yenye mhuri na sahihi, ukitaja anwani mpya, akaunti ya benki, na maneno haya: hatubadilishi akaunti ya benki kwa barua pepe, mkipata barua ya namna hiyo pigeni namba hii. Peleka na vipimo muhula ukianza, wasaini kuipokea.

Vitabu vya ankara usitupe, karatasi ni ghali. Chonga mhuri mdogo wa mstari mmoja wenye anwani mpya, binti augonge juu ya ile ya zamani kwenye nakala zote, siyo ya mteja tu. Ila mhuri wenyewe usiuagize mpaka zile PASS tatu ziwe zimeonekana.